Waya wa Jiko la Mama

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bagamoyo mjini aliishiwa gesi. Akatoa stoo jiko lake la umeme la zamani, lile lenye koili ya waya iliyojiviringa kama konokono, akaliwasha uani kwake. Harufu ikapanda ukuta ikanikuta nafua nguo: vumbi linaloungua, maziwa ya miaka mingi yaliyogandia kwenye waya, na chuma kinachopata moto baada ya kulala muda mrefu. Niliacha shati kwenye beseni nikasimama pale pale, povu likinichuruzika viganjani. Jirani akanichungulia juu ya ukuta.

"Vipi, mama, nimekuharibia nguo na moshi?"

Nikamwambia hapana, endelea tu. Sikuweza kumweleza kwamba kwangu mimi ile ni harufu ya dada yangu Mwanaidi akiwa msichana wa kidato cha tatu, amepiga magoti mbele ya kasha la samaki, anacheka peke yake.

Nilikulia Mkange, kule juu unakoelekea Saadani, wakati nguzo za umeme zilikuwa bado ni ahadi. Kila mwaka tuliambiwa umeme uko njiani, na aliyeamini kuliko wote alikuwa mama. Mdogo wake wa mjini alipohama nyumba alimpa jiko lake la umeme, limetumika lakini zima, na mama akalifunga katika kanga kuukuu akalisukuma chini ya kitanda. Siku za Idi alilitoa, akalipangusa, akaligeuza huku na huku, akalirudisha. Baba yeye alikuwa na paneli ya sola, aliyoinunua baada ya mavuno mazuri ya ufuta, na betri ya gari iliyokaa pembeni mwa sebule juu ya tofali, ikiheshimiwa kama mgeni. Ilituwashia taa mbili na kuchaji simu za nusu ya kitongoji. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuiegemea.

Mwanaidi alizaliwa na selimundu. Sote tulijua; kulikuwa na siku mifupa ilimuuma mpaka akauma shuka ili asilie. Alisoma hivyo hivyo, akafaulu, akaenda sekondari Bagamoyo, akakaa bweni. Kisha ugonjwa ukamkamata huko huko wakati wa mvua, na baba alipofika hospitali alimkuta anaongezewa damu, hawezi kunyanyua kichwa. Alipopata nafuu baba alimrudisha nyumbani pamoja na godoro na sanduku lake.

"Shule ni kazi ya nguvu," alisema, "na huyu nguvu hana. Nimzike mtoto kwa ajili ya cheti?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuona kaburi liko wazi. Hakuna aliyembishia, hata mama, hata Mwanaidi mwenyewe.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na lile neno nguvu lilinikaa kichwani. Nilidhani nguvu ni kitu kinachowekwa mwilini kama maji mtungini, na kwamba mtungi wa dada yangu ulikuwa na ufa. Kwa hiyo nilijitwika ulinzi. Akishika ndoo nampokonya. Akiinama kufagia namnyang'anya ufagio. Akikimbia hatua mbili kufukuza mbuzi, namkalisha.

"Sikudhani," aliniambia siku moja, akiniita kwa jina langu, "ukiendelea hivi utaanza kunitafunia chakula."

Nililia, maana niliona hana shukrani. Sikujua kwamba nilikuwa namfanyia kile kile alichofanyiwa na baba, ila kwa mikono midogo.

Basi asubuhi moja tulisikia yowe la mama kutoka bandani. Kicheche alikuwa amechimba chini ya ukuta, akaua mitetea wote watatu waliokuwa wanaatamia, na mmoja wao hakumla hata kidogo, alimnyonya damu akamwacha. Kuku wale ndio walikuwa duka la mama na benki yake. Kutoka kwao zilitoka sare zetu na dawa za Mwanaidi. Mama alikaa chini kwenye manyoya, mikono kichwani. Mimi nilianza kuokota mayai yaliyosalimika, nikihofia yasikanyagwe, na nikashtuka.

"Mama, bado yana joto."

Mwanaidi alikuwa mlangoni, amejifunga shuka. Alikuja akachukua yai moja, akalishika shavuni. Kisha akaniambia, "Vua gauni la juu. Yaweke tumboni, jifunge kanga, ulale. Usicheke, usikohoe." Akamgeukia mama. "Yamebakiza muda gani?"

"Yako nusu ya safari," mama akasema. "Lakini mwanangu, mayai bila kuku ni uvundo tu. Nitaazima wapi kuku anayeatamia leo?"

"Tutamtengeneza," akasema Mwanaidi.

Nikalala mkekani na mayai tumboni, mengine mama akayafunga kwenye kanga na chupa ya maji ya uvuguvugu, na kwa sababu sikuweza kujongea niliona kila kitu dada alichofanya asubuhi ile. Kwanza alitafuta nyumba. Tulikuwa na kasha jeupe, jepesi, la kubebea samaki, kutoka kwa wachuuzi wa Saadani, lile ambalo ukilikwaruza linalia mpaka meno yakusisimke. Joto haliwezi kupenya kirahisi, alisema, kama vile baridi ya barafu isivyopenya. Akalisugua kwa majivu na ndimu. Kisha akatafuta moto. Taa zetu za sola zilikuwa za kisasa, hazina joto lolote. Ukiishika ni kama umeshika kijiko. Balbu ya pikipiki ingetufaa, lakini duka la spea lilikuwa mbali na mayai yalikuwa yanapoa tumboni mwangu. Hapo ndipo alipotazama chini ya kitanda cha mama.

Mama aliona alikotazama. "Lile?"

"Lile, mama."

Likatolewa, likafunguliwa kanga. Mwanaidi akaunganisha koili yote kwenye betri ya baba kwa nyaya mbili. Hakuna kilichotokea. Aliweka kiganja juu ya koili, akanionyesha nami niweke changu. Palikuwa na uvuguvugu kama wa jiwe lililokaa kivulini.

"Ni kidogo," nikasema kutoka mkekani, nikijiona mwerevu. "Waya hautoshi. Tafuta mwingine uongeze."

Sitasahau alivyonitazama. Hakunicheka. Alikuwa na mita ya kupimia umeme, aliyopewa na mjomba wetu fundi redio wa Miono, akaishika mkononi kama mtu aliyekutana na rafiki baada ya miezi mingi. Akaniambia nisikilize maana nitakuwa msaidizi wake na hataki msaidizi bubu.

Betri, alisema, inasukuma. Msukumo wake ni volti kumi na mbili na haubadiliki, umpe waya mrefu au mfupi. Waya unakinza, yaani unaukatalia umeme usipite kwa wingi, na huo unaitwa ukinzani. Kinachofanikiwa kupita kinaitwa mkondo, nao unapimwa kwa ampea. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Akachukua kipande cha mkaa akaandika sakafuni. Jiko liliandikwa volti mia mbili thelathini, wati elfu moja. Kwa hiyo huko mjini lilikuwa linapitisha ampea nne na kidogo, na ukinzani wake ni hamsini na kidogo; mita ilisoma hamsini na nne. Sasa msukumo wetu ni kumi na mbili tu. Kumi na mbili gawanya kwa hamsini na nne: mkondo ni sehemu ndogo ya ampea moja. Zidisha tena kwa kumi na mbili.

"Wati tatu hazifiki," alisema. "Hata inzi hataota moto hapo. Nataka wati ishirini na nne. Ishirini na nne gawanya kwa kumi na mbili?"

"Mbili."

"Ampea mbili. Volti kumi na mbili gawanya kwa ampea mbili?"

"Sita."

"Basi nataka ukinzani wa sita. Huu ni hamsini na nne. Nifanye nini?"

Niliona jibu likija nikalikataa, maana lilikuwa kinyume cha akili yangu yote. Kuni nyingi moto mwingi. Waya mwingi joto jingi. "Unataka kuukata," nikasema kwa sauti ndogo.

"Nataka sehemu moja tu kati ya tisa."

Tukamtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko lake liko uchi sakafuni.

"Ukikata," akauliza, "umeme ukija litawaka tena?"

Mwanaidi hakumdanganya. "Litawaka, mama. Litawaka kwa hasira zaidi kuliko zamani, kwa sababu waya utakuwa umepungua. Ila halitadumu sana."

Mama akafikiri. "Basi litakuwa kama mimi," akasema. "Kata."

Mwanaidi akasogeza ncha ya mita polepole juu ya koili mpaka namba ikasoma sita, akaminya koleo. Kile kipande akakipanga juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akakikaza kwa misumari, akakiunganisha. Ndipo ile harufu ikaja. Kwanza vumbi, halafu maziwa ya nyumba ya mama mdogo ya miaka mingi iliyopita, na moshi mwembamba uliopanda ukapotea. Alipokwisha kuacha kipande kiungue kikawa safi, akakiweka ndani ya kasha na bakuli la maji pembeni. Akaingiza kipimajoto cha homa, kile cha kioo kilichokuwa cha kwake mwenyewe, tulichozoea kumwekea kwapani. Akasubiri, akakitoa, akasoma, akacheka. Kumbe yai huanguliwa kwa joto lile lile la mtu anayeanza homa. Tuliyatoa mayai tumboni mwangu moja moja, tukayalaza.

Baba alirudi shambani adhuhuri.

"Shikamoo, baba," tukasema kwa pamoja, kwa adabu iliyomtia wasiwasi.

"Marahaba." Macho yake yalifuata nyaya kutoka kwenye betri mpaka kwenye kasha. "Nani kagusa betri yangu?"

Mama akaanza kueleza habari za kicheche, lakini Mwanaidi akamkatiza kwa upole. "Mimi, baba."

"Wewe? Umekaa hapa na hilo joto, umeinama, unabeba makasha? Nani atayakesha hayo mayai, wewe? Na betri ikifa kesho, watu wa simu niwaambie nini?"

"Haitakufa."

"Unajuaje?"

"Inabeba ampea mbili kwa saa ishirini na tano. Mimi siitumii zaidi ya saa kumi na mbili, na sitaiacha ikiwaka mfululizo, nitakuwa nazima joto likizidi. Asubuhi pima. Haitashuka chini ya volti kumi na mbili."

Baba hakuwa mtu wa hesabu za aina hiyo, lakini alikuwa mtu wa ahadi. Alivuta kiti. "Haya. Asubuhi."

Tulipokezana, mimi na mama na dada, kuwasha na kuzima. Kulipopambazuka baba alitoka msikitini akaja moja kwa moja sebuleni na kofia yake kichwani. Mwanaidi akaweka ncha za mita kwenye betri. Namba ikasoma kumi na mbili na nukta moja. Baba aliisoma mwenyewe, midomo ikitembea, kisha akaenda kunywa chai. Lakini nilimwona anarudi mara mbili kuichungulia ile betri kama mtu anayemtazama jirani aliyedhani anamfahamu.

Mambo yakaenda hivyo siku kadhaa. Mwanaidi aliyamulika mayai kwa tochi ya simu na kutuonyesha ndani: mishipa myekundu, na doa jeusi linalorukaruka. Yaliyokufa aliyatoa. Alikuwa amechangamka, anaongea anapokula, ananipa hesabu za kugawanya tukiwa tunachambua mchicha, na mimi niliacha kumpokonya ndoo, si kwa busara bali kwa kusahau.

Kisha mawingu yakaja kutoka baharini, mvua ikaanza na baridi yake, na Mwanaidi akaanza kushika magoti. Jioni alikuwa hawezi kukaa. Tulimlaza, tukampa maji mengi na dawa, na mama akawa anamkanda kwa kitambaa cha moto. Mimi nilikaa pembeni na hofu yangu. Nilikuwa nimeona mita inapima nguvu za kila kitu, kwa nini isipime za dada? Alipopitiwa na usingizi nilichukua ncha zile mbili, nikazishikiza moja kwenye kiganja hiki na nyingine kwenye kile, kama alivyopima waya. Ikatoka namba kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona pale, maelfu kwa maelfu. Nikajipima mimi, mikono yangu imelowa jasho la woga. Yangu ilikuwa ndogo. Nikakimbia barazani.

"Baba! Dada ana ukinzani mkubwa kuliko waya wa jiko! Mkubwa kuliko wangu!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Yaani anakataa. Kitu hakipiti kwake kirahisi. Ugonjwa hautapita."

Leo najua kwamba ngozi kavu ya mtu yeyote ingetoa namba ya aina hiyo. Lakini baba hakunirekebisha, labda kwa sababu hakujua, labda kwa sababu alihitaji kuamini kitu. Alinivuta akaniegemeza ubavuni kwake, na nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio.

Asubuhi pikipiki iliwapeleka mama na Mwanaidi mpaka barabarani, gari likawachukua kwenda hospitali ya Bagamoyo. Kabla hajapanda, uso umemkauka kwa maumivu, Mwanaidi alinivuta kanga. "Geuza mayai. Usiruhusu yapoe. Baba akusaidie."

Tukabaki mimi na baba na kasha. Jua halikutoka. Paneli ilikuwa inaambulia kidogo sana, na tatizo jingine lilikuwa kubwa zaidi: wati zile ishirini na nne zilihitaji mtu macho, awashe na kuzima, vinginevyo mayai yangechemka. Tulikuwa watatu wa kupokezana. Sasa kuna mzee anayetoka kulima na mtoto wa darasa la tano. Siku ya kwanza nilisinzia nikiwa nimekaa, nikashtuka kipimajoto kimepanda kupita homa ya mtu yeyote aliye hai. Nikafungua kifuniko nikipepea kwa kanga na machozi yananitoka.

Baba alisema tuyaache. "Umejitahidi, mwanangu. Dada yako hatakulaumu."

"Tutengeneze moto mdogo," nikasema. "Mdogo ambao unaweza kuachwa."

"Basi kata waya uwe mfupi. Moto utapungua."

Nilimwangalia baba yangu akisema maneno yangu mwenyewe ya siku ile ya mkekani, na kitu kikafunguka kichwani. "Hapana, baba. Tukikata utazidi. Tuongeze."

"Tuongeze waya ili joto lipungue?"

"Njia ya shambani ikiwa na miba, na ikawa ndefu mara mbili, watapita watu wengi au wachache?"

"Wachache."

"Basi. Umeme nao utapita kidogo."

Nilichukua mkaa nikaandika sakafuni, nikirudia kila namba mara mbili, maana safari hii hapakuwa na wa kuniuliza ngapi kwa ngapi. Ukinzani kumi na mbili badala ya sita. Volti kumi na mbili gawanya kwa kumi na mbili: ampea moja. Kumi na mbili mara moja: wati kumi na mbili. Nusu ya joto, na betri ingebeba mara mbili ya muda. Kasha lenyewe tungelifunika blanketi la dada ili joto lisitoroke. Baba alilitoa jiko chini ya kitanda, akalishika, mimi nikapima kwa ncha ya mita mpaka sita nyingine, na yeye akaminya koleo. Tukaunganisha kipande cha pili nyuma ya cha kwanza. Tukakaa tukitazama. Kipimajoto tukakitoa, tukakikung'uta, tukakirudisha, tukakitoa tena. Kikapanda, kikafika kwenye thelathini na saba na nusu, na mara ya mwisho tuliyopima kabla ya kulala kilikuwa bado hapo.

Alfajiri nilimkuta baba ameshaamka, amechuchumaa kando ya kasha na kipimajoto mkononi. Alininyooshea. Kilisoma palepale.

Jua lilipochomoza mama alipiga simu. Mwanaidi alikuwa ameongezewa damu, maumivu yamepungua, lakini hajaacha kuuliza habari za kasha. Baba akasema, "Mpe." Na nikamsikia baba yangu, mkulima wa ufuta, akisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote wa barabarani, "Tumeongeza waya! Ndiyo! Ukinzani kumi na mbili, ampea moja! Betri haijashuka! Nani? Mdogo wako, huyu hapa, kapiga hesabu mwenyewe!"

Akanipa simu. Sauti ya dada ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Nani kakwambia uongeze?"

"Hakuna. Nimegawanya."

"Sikudhani," akasema, "ningekuwa na nguvu ningeruka kitandani." Kisha akacheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena.

Baba alichukua simu akatoka nayo uani. Alirudi macho mekundu, akasema ni moshi, na hapakuwa na moto umewashwa popote.

Walirejea siku mayai yalipoanza kudonolewa kutoka ndani. Mama alimshusha Mwanaidi kwenye pikipiki, na hata maji hakunywa, alikwenda moja kwa moja kupiga magoti kwenye kasha. Baba alichukua yai moja lenye ufa akaliweka sikioni. Uso wake ulibadilika. "Anasema," akanong'ona. Akampa mama, mama akanipa mimi, nami nikasikia: mlio mdogo, mkali, wa kiumbe anayegombana na ukuta. Kufikia magharibi kasha lilikuwa limejaa vifaranga walioloa, wabaya wa sura, wanaanguka na kuinuka. Si wote waliotoka, lakini waliotoka walitosha kuanzisha banda upya. Mama alikuwa anawahamisha kwenye tenga huku akiimba kitu bila maneno.

Tulipomaliza kula baba alijikohoza. "Mwanaidi. Yule daktari kasemaje?"

"Ninywe maji, nisipigwe baridi, nisikose kliniki."

"Kliniki hiyo iko wapi?"

Aliyejibu ni mama. Alikuwa amengoja mwaka mzima kusema. "Hospitali iko Bagamoyo, Baba Mwanaidi. Shule iko Bagamoyo. Mgonjwa tumemweka Mkange."

Baba alitazama mikono yake. Nilidhani atakasirika. "Niliogopa," akasema. "Nilidhani nikikuweka hapa karibu nami, kifo kitaona haya kuja. Kumbe nimekuzimia taa tu." Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichoamini atakimudu, "Hiyo shule, ukirudi, watakupokea?"

"Tukienda kuomba watanipokea, baba."

"Na hesabu hizi za waya, ndizo mnazofundishwa huko?"

"Hizi ni za mwanzo tu."

"Za mwanzo!" Baba akamgeukia mama. "Umesikia? Hizi ni za mwanzo."

Walikwenda wote wawili, baba amevaa kanzu ya Idi, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki. Shuleni walimpokea, akarudia kidato cha tatu. Aliugua tena, mara nyingi, na kila mara alitoka hospitali akarudi darasani kwa sababu hospitali na shule zilitenganishwa na mwendo mfupi wa miguu. Leo ndiye anayefunga mitambo ya sola kwenye zahanati za vijiji vya ukanda wetu, na majokofu ya chanjo yanayolala na baridi yake usiku kucha yanalala kwa hesabu zake. Nami, kwa kuwa sitaki kujinyima, nitasema pia: mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na hakuna mwanafunzi wangu anayemaliza darasa la saba bila kushika waya mkononi na kuupima.

Lakini ninapotaka kujivuna hasa, simkumbuki Mwanaidi wa leo wala mimi. Namkumbuka baba wiki ile baada ya kutoka kumwacha shuleni, amekaa kizingitini jioni, vifaranga wanazagaa uani kwa fujo, hakuna mtetea hata mmoja wa kuwaongoza. Jirani yetu mzee Athumani alipita na jembe begani, akasimama, akashangaa.

"Hodi hapa. Vifaranga wote hawa, mama yao yuko wapi?"

Baba hakuinua hata kichwa. Alikuwa anawamwagia chenga za mahindi, taratibu, kiganja kwa kiganja.

"Mama yao," akasema, "kaenda shule."